Dwayne Wayne na Chuo Kilichomlea

Mwezi Mei 1992, kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilirusha harusi iliyovurugika. Bibi harusi, Whitley Gilbert, amesimama mbele ya mchungaji pamoja na Byron Douglas, mwanasiasa mtanashati mwenye jina na mali. Kabla viapo havijakamilika, kijana mmoja anajitokeza mbele ya wageni na kutamka kwamba anampenda bibi harusi na kwamba yeye ndiye anayepaswa kumuoa. Wanaume waliokuwapo wanamkamata ili wamtoe nje. Naye, huku akikokotwa, anazidi kumsihi, hadi Whitley anapomkubali. Harusi inaendelea, ila bwana harusi amebadilika.

Kijana huyo anaitwa Dwayne Wayne, mhusika wa kipindi cha vichekesho cha A Different World, na aliyemwigiza ni Kadeem Hardison. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na bado watu wengi, hasa Wamarekani Weusi, wakiulizwa ni mpenzi gani wa kwenye televisheni wasiyemsahau, humtaja yeye. Waliokuwa vijana wakati ule wamewaonyesha watoto wao tukio hilo la harusi, na watoto wamelipokea kana kwamba limeigizwa jana.

Jibu jepesi kuhusu mvuto huu ni kwamba watu hupenda mwanamume aliye tayari kuaibika kwa ajili ya mapenzi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi, kwa maana televisheni imejaa wanaume waliovuruga harusi na tumekwisha kuwasahau. Hoja ninayoileta hapa ni ya kihistoria: Dwayne Wayne amedumu kwa sababu watazamaji walimwona akikua, na kilichomkuza kilionekana waziwazi kwenye skrini. Kilikuwa chuo. Hoja hii ina uzito kwetu tunaoshughulika na elimu na utumishi wa umma, kwa kuwa jamii inaweza kumpenda mtoto na kukiacha kinyonge chuo kilichomlea.

Kipindi chenyewe kilianza Septemba 1987 kama tawi la The Cosby Show, na kikaendelea hadi 1993, jumla ya sehemu 144 katika misimu sita. Kilihusu maisha ya wanafunzi wa Hillman, chuo cha kubuni cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Virginia. Mwanzoni, mhusika mkuu alikuwa Denise Huxtable, aliyeigizwa na Lisa Bonet. Dwayne aliwekwa pembeni: kijana kutoka Brooklyn, aliyepata alama zote za hesabu katika mtihani wa kuingilia chuo, mwingi wa maneno, mwenye miwani ambayo vioo vyake vya giza huinuliwa juu kama kifuniko. Alimfuatafuata Denise bila mafanikio, na watazamaji walitarajiwa kumcheka. Hakuna aliyemwandika awe kipenzi cha taifa.

Ili kuelewa kilichotokea baadaye, hatuna budi kukumbuka kijana Mweusi alionekanaje kwenye skrini za Marekani katika miaka ileile. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya dawa za kulevya iliyomhukumu aliyekutwa na gramu 5 za kokeini ya kuvuta, iliyohusishwa na mitaa ya Weusi, kifungo cha chini sawa na aliyekutwa na gramu 500 za kokeini ya unga. Mwaka 1988 kampeni za urais zilitawaliwa na tangazo lenye picha ya mfungwa Mweusi, Willie Horton, lililokusudiwa kuwatia hofu wapiga kura Weupe. Mwaka 1989 vijana watano, Weusi na Walatino, walikamatwa New York kwa kesi ya ubakaji katika bustani ya Central Park. Walihukumiwa, na hukumu zao hazikufutwa hadi 2002. Kwa mtazamaji wa taarifa ya habari ya saa moja usiku, kijana Mweusi wa umri wa miaka kumi na tisa alikuwa kwanza mtuhumiwa.

Kisha, siku ya Alhamisi, saa chache baada ya taarifa hiyo, familia zilezile zilimwona kijana wa umri huohuo akikesha na vitabu vya hesabu, akigombana na rafiki yake Ron kuhusu kodi ya chumba, akimheshimu mwalimu wake na kumwogopa mama yake. Kwa misimu minne ya mwanzo kipindi hiki kilikuwa miongoni mwa vipindi vitano vilivyotazamwa zaidi nchini humo. Kumpenda Dwayne kulikuwa pia namna ya kukataa picha ile nyingine, hata kama mtazamaji hakulisema hilo kwa maneno.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika msimu wa pili. Msimu wa kwanza ulikuwa na watazamaji wengi, lakini waliovijua vyuo vya Weusi walilalamika kwamba Hillman haikufanana na chuo chochote walichokisoma. Lisa Bonet aliondoka, na uongozi wa kipindi ukakabidhiwa kwa Debbie Allen, mwongozaji na mcheza dansi, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Howard. Allen aliwapeleka waandishi wake Atlanta, kwenye vyuo vya Morehouse na Spelman, wakawasikilize wanafunzi: wanakula nini, wanabishana kuhusu nini, wanaogopa nini. Miongoni mwa waandishi waliokisuka kipindi katika miaka hiyo walikuwamo wanawake kama Susan Fales na Yvette Lee, ambaye baadaye, mwaka 1993, alianzisha kipindi chake mwenyewe cha Living Single.

Jambo hili halisemwi vya kutosha: kijana anayetajwa kama mfano wa mpenzi bora aliumbwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliosoma. Alama za mikono yao zinaonekana. Mwaka 1989, wakati televisheni ya vijana ilikuwa bado inageuza ung'ang'anizi wa wavulana kuwa kichekesho, kipindi hiki kilitoa sehemu kuhusu ubakaji unaofanywa na mtu anayefahamika. Mwanafunzi mwenzao, Freddie, anaalikwa kutoka na mchezaji hodari wa besiboli ambaye Dwayne humhusudu. Dwayne anamsikia mchezaji huyo akieleza jinsi anavyowatendea wanawake, na mwanzoni hajui alipime vipi jambo hilo, kwani ni maneno ambayo vijana huambiana kila siku. Analipeleka kwa mtu mzima anayemwamini, wanalizungumza, na hatimaye anakwenda kumzuia mwenzake kwa nguvu zake. Utani haukumwokoa mtu pale. Kilichomwokoa Freddie ni kijana aliyejifunza, kwa kuchelewa kidogo, kwamba urafiki wa wanaume hauhalalishi ukatili.

Mtazame sasa Whitley, aliyeigizwa na Jasmine Guy. Ni binti wa jaji, amelelewa katika anasa za Kusini, anaongea kwa lafudhi ya kujivuta, na mwanzoni huwadharau wasiovaa kama yeye. Dwayne ni mtoto wa mjini asiye na ukoo wa kujivunia. Mapenzi yao yalichukua misimu kadhaa kuiva, na katika muda huo kila mmoja alimlazimisha mwenzake kuhama pale alipokuwa. Whitley alijifunza kufanya kazi na kuheshimu watu wa tabaka jingine. Dwayne alijifunza kunyamaza na kusikiliza, akahitimu, akawa mwalimu wa hesabu palepale Hillman. Walichumbiana, wakavunja uchumba, wakaumizana. Kijana aliyesimama harusini mwaka 1992 hakuwa yule wa 1987 aliyemfuata Denise kwenye ngazi za bweni. Watazamaji walijua alikotoka, ndiyo maana walikubali aombe hadharani namna ile.

Sasa nije kwenye chuo chenyewe. Hillman haikuwapo, lakini kila kitu kilichoizunguka kilikuwa na historia. Vyuo vya Wamarekani Weusi vilizaliwa kwa sababu milango ya vyuo vingine ilifungwa. Cheyney cha Pennsylvania kilianza 1837, zama za utumwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata Howard na Morehouse mwaka 1867, Hampton cha Virginia mwaka 1868, na Spelman cha wanawake mwaka 1881. Mwaka 1890 sheria ya pili ya Morrill iliyataka majimbo yaliyowakataa Weusi katika vyuo vyao vya kilimo na ufundi yawafungulie vyuo vingine. Majimbo yalitii kwa shingo upande: vyuo vilifunguliwa, lakini mgawo wa fedha ukawa mdogo tangu mwanzo.

Vyuo hivyo vimeigusa Afrika yetu moja kwa moja. John Chilembwe, mchungaji aliyeongoza uasi wa Nyasaland mwaka 1915, alisoma katika seminari ya Weusi huko Lynchburg, Virginia. Mbiyu Koinange kutoka Kiambu aliingia Hampton mwaka 1927, na aliporejea Kenya alishiriki kuanzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939. Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walipita Lincoln, Pennsylvania. Kwa hiyo tunapoitazama Hillman, tunakitazama kivuli cha taasisi zilizowalea pia watu waliopambana na ukoloni katika bara hili.

Waandishi wa kipindi waliujua urithi huo. Katika msimu wa tatu, uliorushwa kati ya 1989 na 1990, mwanafunzi Kim anapata ufadhili wa masomo kutoka kampuni yenye mitaji Afrika Kusini ya makaburu. Ni binti wa polisi, anahitaji fedha hizo kwa dhati, na wenzake wanampinga. Kipindi hakikumfanya mjinga wala msaliti. Kilimwonyesha mtazamaji kwamba dhamiri ina gharama, na kwamba gharama hiyo huwaangukia zaidi wasio nacho. Aprili 1991, miezi kadhaa kabla mchezaji Magic Johnson hajatangaza kwamba ana VVU, kipindi kilimleta mwanafunzi mwenye virusi hivyo darasani, akiwa mbele ya mwalimu aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, na kikaonyesha jinsi wenzake walivyomkimbia. Septemba 1992, Dwayne na Whitley walikuwa fungate Los Angeles wakati ghasia zilipolipuka, zile zilizofuata kuachiwa kwa polisi waliompiga Rodney King.

Zingatia mpangilio huo. Wapenzi waliooana Mei kwa shangwe walikutana na moto wa mji katika sehemu iliyofuata. Kwa waandishi hawa mapenzi hayakuwa mahali pa kujificha dhidi ya siasa, na mhusika mpendwa hakupewa ruhusa ya kutojua kinachoendelea nchini mwake.

Zipo hoja za kupinga, nazo nzito. Ya kwanza inahusu harusi yenyewe. Mtazamaji wa leo anaweza kuuliza: je, mwanamke aliyekwisha kuamua hastahili kuachwa na uamuzi wake? Byron hakumkosea mtu. Mwanamume anayekaidi neno la mwanamke mbele ya umati si mfano wa kumfundishia mwanao, hasa katika kipindi kilichowahi kufundisha kwamba hapana maana yake hapana. Utetezi uliopo ni kwamba Whitley ndiye aliyetoa jibu, na kwamba miswada ya nyuma ilimwonyesha akisitasita. Naukubali utetezi huo nusu tu. Mvutano huo umebaki ndani ya tukio, na anayelipenda inampasa aupende pamoja na doa lake.

Hoja ya pili inamhusu Bill Cosby, ambaye ndiye aliyekianzisha kipindi. Wanawake wengi wamemtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, tuhuma anazozikana. Alitiwa hatiani mwaka 2018, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu hiyo kwa misingi ya mwenendo wa mashtaka. Cosby na mkewe walikuwa wametangaza mwaka 1988 zawadi ya dola milioni 20 kwa Spelman, na chuo hicho kilisitisha mwaka 2015 nafasi ya uprofesa iliyobeba jina lao. Hatuwezi kusimulia habari za Hillman na kulificha jina hili. Twaweza, hata hivyo, kukumbuka kwamba kipindi kilichopendwa kilisukwa na Allen na wenzake, waandishi na waigizaji wengi ambao kazi yao haipaswi kuzikwa pamoja na sifa ya mtu mmoja. Tena, kisa hiki kinafundisha jambo kuhusu taasisi: chuo kinachotegemea ukarimu wa tajiri hutegemea pia tabia yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, nayo inahusu kile tunachodai picha inaweza kufanya. Inasemwa mara nyingi kwamba kipindi hiki kiliwajaza wanafunzi katika vyuo vya Weusi. Takwimu za udahili zilipanda kweli: kutoka wanafunzi takriban 223,000 mwaka 1986 hadi takriban 280,000 mwaka 1994. Lakini mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu. Miaka hiyo udahili ulipanda katika vyuo vya Marekani kwa jumla. Wanafunzi Weusi walikuwa wakikumbana na uhasama katika vyuo vya Weupe, na wengi walitafuta mahali pa kupumua. Mwaka 1988 ilitoka pia filamu ya Spike Lee, School Daze, kuhusu chuo cha Weusi, ambamo Hardison, Guy na Darryl Bell aliyemwigiza Ron walishiriki. Kipindi kilikuwa chachu mojawapo, na wahitimu wengi wameshuhudia kwamba kiliwapa hamu. Hata hivyo, hamu hupeleka kijana hadi langoni tu. Ada, bweni, maabara na mshahara wa mwalimu vinatoka kwingine. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo.

Basi tuulize nyenzo zilikwenda wapi. Septemba 2023, mawaziri wa elimu na wa kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16. Walieleza kwamba vyuo vya Weusi vilivyoanzishwa chini ya sheria ile ya 1890 vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 vikilinganishwa, kwa kila mwanafunzi, na vyuo vya Weupe vya aina hiyohiyo katika majimbo yaleyale. Hesabu yao ilianzia mwaka 1987. Ni mwaka uleule ambao Dwayne Wayne aliingia Hillman. Wakati taifa likimcheka na kumpenda kila Alhamisi, vyuo halisi vilivyofanana na chake vilikuwa vikinyimwa haki yao kwenye bajeti, mwaka baada ya mwaka, bila kelele. Huko Maryland ilibidi kesi iliyofunguliwa 2006 iendelee hadi 2021 ndipo jimbo likakubali kuvilipa vyuo vinne dola milioni 577.

Na kijana mwenyewe yuko wapi? Mwaka 1976 wanaume Weusi walikuwa takriban asilimia 38 ya wanafunzi wa vyuo hivi. Katika miaka ya karibuni wamekuwa takriban asilimia 26. Sababu ni nyingi: shule za msingi zinazowafukuza wavulana kwa wepesi, gharama za masomo, magereza, ajira za haraka. Lakini matokeo yake yanatisha. Taifa lina kumbukumbu nzuri ya kijana Mweusi mwenye kipaji cha hesabu, lina fulana zenye jina la Hillman, na mwaka 2024 waigizaji wa kipindi walizuru vyuo vya Weusi wakapokewa kwa vifijo. Katika madarasa hayohayo, viti vya akina Dwayne vinazidi kubaki vitupu.

Sisemi haya ili kumharibia mtu furaha ya kumkumbuka kipenzi chake. Kumbukumbu hiyo ina thamani ya kisiasa, kwa maana inahifadhi ushahidi wa kinachowezekana. Inatuonyesha kwamba kijana wa mtaani anaweza kupendwa kwa akili yake, kwamba anaweza kurekebishwa bila kudhalilishwa, na kwamba kazi hiyo ilihitaji mlezi wa bweni aliyekuwa macho, mpishi Gaines aliyemjua kila mtoto kwa jina, kanali mstaafu aliyefundisha kwa ukali na upendo, na wenzake waliothubutu kumwambia amekosea. Ukiitazama tena Hillman kwa jicho hilo, utaona kwamba karibu kila fadhila tunayomsifia Dwayne ina mtu nyuma yake aliyelipwa mshahara ili awepo.

Ndiyo maana nawaomba wanafunzi wanaosoma makala hii wasiishie kwenye swali la nani atawapenda kama Dwayne alivyompenda Whitley. Wanaharakati wana swali la kudai: nani anaisoma bajeti ya elimu ya juu mstari kwa mstari, na anafanya nini anapoona pengo? Watumishi wa umma wana swali gumu zaidi, kwa kuwa upunjaji ule wa miaka zaidi ya thelathini haukufanywa na mtu mmoja mwenye chuki aliyejulikana kwa jina. Ulipita mezani mwa maofisa wa kawaida, wakaupigia mahesabu, wakatia saini, kisha jioni ya Alhamisi wakarudi nyumbani. Huenda baadhi yao waliwasha televisheni na kumshangilia Dwayne.